Hatua Kumi na Saba

Gari ya tatu asubuhi ile ilikuwa pikapu nyeupe ya Talib, na niliitambua kabla haijaingia getini. Mabomba yake ya nyuma yamepakwa rangi ya kijani, na mlango wa abiria umebonyea mahali ambapo mwaka jana nilipapima kwa rula: sentimita arubaini na moja. Nilipaandika mwenyewe kwenye karatasi ya ajali.

Talib alishuka upande wa usukani. Upande wa pili akashuka Bi Time, mama mkwe wake, taratibu, akiushikilia mlango kwa mkono wa kulia. Katikati ya viti palikuwa na kikapu cha ukili kimesimamishwa wima, hakina kitu ndani ila chupa ya maji. Kazi yake ilikuwa kukaa pale tu, mkwe asigusane na mkwe njia nzima kutoka kwao mpaka Wete.

"Bwana Mbarouk," alisema Bi Time baada ya salamu, "nimekuja kuangalia. Siingilii kazi yako."

"Karibu, Bi Time. Kiti kile pale kivulini."

"Sikai. Na umwambie mkwe wangu azime hiyo injini, tusikilizane."

Talib alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Aliizima injini, akanijibu mimi. "Mwambie mama nimeshazima."

Bi Time ni mtu wa zamani, hamsemeshi mkwe wake uso kwa uso mbele za watu. Siku ile wa katikati nikawa mimi.

Yeye ndiye anayekusanya wachumaji wa karafuu upande wa kwao. Msimu ukifika, wenye mashamba humpelekea habari yeye, naye hupanga nani aende kambi ipi na kwa gari ya nani. Mwaka huu alikwishasema mbele ya watu kwamba mchumaji wake hapandi gari isokuwa na stika ya ukaguzi, na kwamba stika ataiona kwa macho yake ikibandikwa. Wachumaji ishirini walikuwa waondoke kesho baada ya sala ya alfajiri. Pikapu ikikosa stika leo, wangepanda lori la Kificho, na Talib angekaa na gari yake uani mpaka msimu wa karafuu umalizike. Jambo hilo alilijua kila mtu pale uwanjani, Kificho kuliko wote. Lori lake lilikuwa la sita kwenye foleni, na mwenyewe amekaa juu ya bampa la mbele anatafuna korosho.

"Bi Time!" aliita. "Mie kwangu pana nafasi ya kunyoosha miguu!"

"Lori lako nililipanda mwaka juzi. Nilishuka nanuka dizeli mpaka kanga ya ndani."

Madereva wakacheka, Kificho mwenyewe akacheka.

Sababu ya sharti lile haikuwa siri. Msimu uliopita pikapu hii hii ilikuwa mikononi mwa Jabir, mtoto wa Bi Time. Kwenye mteremko wa kutoka kambini, ikiwa na magunia ya karafuu mbichi na wanawake sita juu yake, haikuikata kona. Ilikwenda moja kwa moja ikaingia kwenye migomba, mlango ukagonga kisiki. Alhamdulillahi hakufa mtu. Bi Time alikuwa amekaa mbele. Alivunjika mkono wa kushoto, na mpaka leo kiwiko hakinyooki. Jabir alisema maneno mawili, akayarudia kwa kila aliyemuuliza: "Nilikanyaga, haikushika."

Nikatumwa mimi kwenda kuipima. Nilikuta magunia yameshateremshwa na karafuu zimeanikwa zisije zikaharibika. Nikaiendesha, nikakanyaga breki, ikasimama vizuri. Nikaandika: Breki nzima.

Karatasi ile iliposomwa, Jabir hakuwa na wa kumsikiliza tena. Mama yake ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisema simu ilikuwa inalia kwenye mfuko wa shati, na akili ya kijana ilikuwa huko. Hakuna aliyemshitaki. Jabir alimwachia shemeji yake Talib gari, akavuka kwenda kisiwa cha Fundo kwa ami zake kuvua pweza. Sikukuu mbili zimepita hajaja kula kwao.

Kazi yangu huanzia gurudumu la mbele kushoto, na nazunguka upande ule ule kila siku. Fomu ina mistari thelathini na nne. Siruki mstari, hata kama jibu lake naliona kwa mbali. Niliijua kazi hii kwa kulala chini ya magari ya watu, na kwa vitabu viwili vya zamani visivyokuwa na majalada, kabla ya kufanya mtihani wa ukaguzi. Na mtu aliyejifunza hivyo hajiamini sana, hufuata mstari.

"Honi."

Ikalia.

"Indiketa, kulia. Kushoto. Kanyaga breki."

Taa mbili nyekundu ziliwaka nyuma. Balbu ya kushoto ilikuwa mpya, kioo chake bado kina alama za vidole.

"Umebadilisha lini?"

"Jana alasiri. Na wipa. Na tairi hiyo ya nyuma. Mwaka huu, Bwana Mbarouk, sikukuachia tundu la kuingilia."

Alisema kweli. Usukani haukuwa na mchezo. Mafuta ya breki yalikuwa masafi, yamefika alama ya juu. Handbreki iliishika gari juu ya kilima cha zege bila kuteleza. Matairi nilipima yote manne, na la akiba. Bi Time alinifuata nyuma kila nilipokwenda, mkono wa kulia umeushika wa kushoto.

Jaribio la breki tunalifanya kwenye kipande cha lami pembeni ya uwanja. Nimechora mstari mweupe. Dereva anakuja kwa mwendo wa thelathini, gurudumu likifika mstarini anakanyaga, nami nahesabu hatua kutoka mstarini mpaka iliposimama gari. Kumi na mbili ndiyo mwisho ninaokubali. Talib alikuja, akakanyaga, akasimama. Hatua kumi.

Nikarudi mezani, nikaweka alama mstari wa mwisho, nikavuta stika kutoka kwenye bahasha.

"Ushamaliza?" aliuliza Bi Time.

"Imebaki sahihi yangu."

"Naona umeipima tupu."

"Ndivyo tunavyopima, Bi Time."

"Kesho itakuwa tupu?"

Kificho alilisikia hilo akapiga kofi pajani. "Bi Time, huu ni ukaguzi, si safari!"

"Weye tafuna korosho zako."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Fomu haiulizi mzigo, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Niliiweka kalamu chini, nikazunguka nyuma ya pikapu, nikasimama mbali kidogo ili niione yote. Matako yalikuwa juu na kichwa chini, kama ng'ombe anayeanza kuinuka. Pikapu za kwetu zote huwa hivyo karafuu zikikaribia, kwa hivyo jicho langu lilikuwa limeshazoea kutoliona hilo.

Nikatandika gunia, nikaingia chini. Nikahesabu springi za upande mmoja, kisha za upande wa pili.

"Talib, springi zako ngapi?"

"Saba kila upande," alijibu kwa juu, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. "Za kiwandani tano, mbili za kuongeza. Alizitia Mzee Salem wa Jadida, wakati wa Jabir. Mie nimeikuta hivyo hivyo. Gunia kumi unazipakia, haiinami!"

Haiinami. Nikageuza tochi kwenye ekseli ya nyuma. Pale pana kijifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli mpaka kwenye kifaa kidogo cha breki kilichofungwa kwenye chasisi. Gari ikipakiwa, bodi hushuka, kijifimbo kinasukumwa, na kifaa kinafungua njia ili mafuta ya breki yaende kwa nguvu magurudumu ya nyuma. Gari ikiwa tupu, njia inabanwa, ili magurudumu ya nyuma yasiteleze. Ni mizani, na inapima kwa kuinama kwa bodi, haina njia nyingine. Gari isiyoinama, kwake ni gari tupu, hata ikiwa imebeba nusu ya shamba.

Nililijua hilo siku nyingi. Limo katika kitabu kimoja kati ya vile viwili. Nilikuwa nazijua na springi saba, na kila mwaka nazikagua kama zimekazwa vizuri. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Nilibaki chini pale muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Nilipotoka nilisema, "Ipakieni."

"Tuipakie nini?" Talib aliuliza.

"Mzigo wa kesho."

Ukuta wa uwanja wetu umejengwa pande tatu; matofali ya upande wa nne yamepangwa pembeni yanangoja. Nikaonyesha yale. Kificho akaruka kutoka kwenye bampa lake. "Kumbe leo tumeitwa kujenga!" Lakini yeye ndiye aliyebeba la kwanza, na madereva wengine wakaja, wakapokezana. Bi Time alihesabu kwa sauti. Yalipofika thelathini nikawaambia basi. Bodi la pikapu halikushuka hata upana wa kidole.

Nikawaondoa watu wote upande wa mbele wa barabara. Talib akaenda mwisho wa lami, akageuza, akaja kwa mwendo ule ule. Alikanyaga palepale mstarini, nililiona gurudumu, hilo sitomsingizia. Pua ya gari ikainama, matairi ya mbele yakalia, lakini ya nyuma yaliendelea kuzunguka kama yanayosukuma. Ikapita alama yake ya mwanzo, ikapita mahali nilipokuwa nimesimama, ikaja ikasimama karibu na rundo la kokoto.

Nikahesabu. Nikarudi, nikahesabu tena, maana sikuamini. Hatua kumi na saba.

Bi Time naye alianzia mstarini, akitembea kwa utulivu kama anayepima kiwanja. "Zangu ishirini na mbili," alisema. "Lakini miguu yangu mifupi."

Talib alikuwa ameshashuka, jasho limemtoka. "Bwana Mbarouk, nionyeshe kwenye hiyo fomu wapi pameandikwa mzigo."

"Hapajaandikwa."

"Basi?"

"Mstari wa mwisho unasema gari isimame. Haikusimama."

"Tupu imesimama! Umeona mwenyewe, hatua kumi!"

"Nimeona. Na mwaka jana pia ilisimama, tupu."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Kisha nyuma yetu injini moja ikawashwa, na nyingine. Pikapu mbili ziligeuza polepole zikatoka getini, madereva wake wanatazama mbele kwa bidii.

"Hao wamesahau chungu motoni," alisema Kificho.

Niliandika fomu ya kukataliwa. Sehemu ya maelezo niliijaza: springi saba badala ya tano, mzigo matofali thelathini, hatua kumi na saba. Niliandika polepole. Halafu nilimfuata Bi Time, aliyekuwa bado amesimama karibu na kokoto.

"Bi Time, ile karatasi ya ajali ya mwaka jana niliiandika mimi."

"Najua. Nilisomewa."

"Gari niliipima tupu. Magunia yalikuwa yameshashushwa. Na springi zilikuwa hizi hizi."

"Nifumbulie. Mie si fundi."

Nilitafuta njia ya kulisema lisizidi wala lisipungue. "Siwezi kukwambia simu haikulia. Sikuwapo. Lakini kwenye mteremko ule, na mzigo ule, aliyekanyaga breki na asiyekanyaga wangefika migombani wote wawili. Jabir alisema alikanyaga, haikushika. Leo tumeona haishiki. Nilipoandika breki nzima, nilikosea."

Alikuwa akikisugua kile kiwiko kwa kidole gumba, kama kina vumbi.

"Simu ililia," alisema mwishowe. "Ililia kweli. Nilikuwa mie naisikia, na nilikuwa nimeshakasirika kabla ya kona."

Alikiacha kiwiko, akaitazama pikapu.

"Yakitolewa hayo machuma ya kuongeza?"

"Itainama. Mizani itajua kama kuna mzigo, breki zitashika. Lakini itabeba kidogo. Gunia tano, si kumi."

"Na watu?"

"Watu hawapandi juu ya magunia, Bi Time. Hilo limo kwenye fomu."

Akageuka akanitazama mimi, lakini sauti ilimfikia Talib kule alikokuwa. "Mwambie mkwe wangu, namngoja mpaka saa kumi na nusu. Baada ya hapo nakwenda kwa Kificho."

"Mwambie mama nimesikia," alisema Talib. Matofali aliyashusha peke yake, kwa hasira, mpaka la ishirini. Kumi yaliyobaki Kificho alimsaidia bila kuombwa. Kisha Talib akaondoka na pikapu kwenda Jadida kwa Mzee Salem.

Mchana ule nilikagua lori la Kificho. Lina springi zake za kiwandani na breki za upepo, na lilishika. Nilimpa stika. Bi Time aliiona ikibandikwa, akasema, "Hongera," akarudi kivulini. Sasa alikubali kukaa. Alikula muhogo ambao Kificho alikwenda kumnunulia, akamtania kwamba hiyo ni rushwa, na Kificho akasema ndiyo, ila ni ya muhogo. Lakini kila gari ilipopita barabarani Bi Time aliinua kichwa.

Sala ya alasiri ilipita. Saa kumi ikapita. Niliosha mikono, nikaipanga bahasha ya stika, nikaitoa tena. Saa kumi na dakika ishirini pikapu iliingia, na hata kabla haijafika nilipokuwa niliona kwamba mgongo wake umekaa sawa. Springi nne, mbili za kila upande, zilikuwa nyuma, zimefungwa gunia.

"Mzee Salem kanitukana," alisema Talib. "Kasema miaka thelathini anaongeza springi, na leo ndiyo mara ya kwanza kuombwa azitoe karafuu zikiwa mitini."

"Kazitoa lakini."

"Kazitoa. Nilipomwambia za hatua kumi na saba aliuliza habari za Jabir."

Matofali thelathini yakapanda tena. Safari hii bodi lilishuka vidole vinne, nikalala chini nikakiona kijifimbo kimesukumwa mahali pake. Talib akaja kwa thelathini, akakanyaga. Ilisimama yote kwa pamoja, mbele na nyuma, matofali yakagongana mara moja tu. Hatua kumi na moja. Za Bi Time kumi na nne.

Nilibandika stika kwenye kioo, nikaibonyeza pembe zote kwa kidole. Bi Time aliinama akaitazama kwa karibu, ingawa najua kusoma hasomi.

"Bi Time," alisema Kificho, na safari hii hakuwa anatania, "gari ya gunia tano haitoshi kwa kambi nzima."

"Najua. Watu watapanda kwa mkwe wangu, awachukue kwa zamu, wakae chini. Magunia yote yako weye. Karafuu hazivunjiki mikono."

Kificho akafikiri. "Na muhogo wangu?"

"Nshaula."

Walipokuwa wanashusha matofali Bi Time alinijia mezani. Nikadhani anataka kuaga.

"Ile karatasi ya asubuhi," alisema. "Ile ya kukataliwa. Iko wapi?"

"Nakala moja inabaki hapa. Moja ya mwenye gari."

"Nipe hiyo ya mwenye gari. Na uandike chini yake yale ulonambia kokotoni."

Muhuri wetu haukuwekwa kwa ajili ya barua. Nilikaa, nikaandika kwa herufi kubwa ili msomaji asipate taabu: Mwaka jana niliipima gari hii bila mzigo, nikaandika breki nzima. Nilikosea. Gari hii ikipakiwa ilikuwa haishiki. Nikatia jina langu, tarehe, na muhuri nikaugonga.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Rudia pale pa kupakiwa."

Nikarudia. Aliikunja mara nne, akaenda mpaka kwenye pikapu, akakichukua kile kikapu cha ukili kutoka katikati ya viti, akaitia karatasi ndani. Kisha akapanda, kikapu akakipakata. Talib alikuwa mlangoni upande wake, hajui kama apande au asubiri mtu wa katikati.

"Talib," alisema Bi Time, akimwangalia yeye. "Nipeleke bandarini, nikapate chombo cha Fundo. Kesho alfajiri uwe barabarani na wachumaji. Nisipokuwa nimerudi, mkeo Saada atawahesabu."

"Ndiyo, mama."

Walitoka polepole. Getini Talib alikanyaga breki kupisha baiskeli. Taa zote mbili za nyuma ziliwaka, gari ikasimama.